Mama anasema nimekuwa mpiga kelele tangu nihamie Kisumu. Mahali humbadilisha mtu?

#1 Binti_Molo
Wakuu, salama? Nimezaliwa na kulelewa Molo, upande wa kuelekea Mau Summit. Sasa ni mwaka wa 4 niko Kisumu, mtaa wa Migosi. Krismasi nilirudi nyumbani. Siku ya pili niko jikoni namsimulia dada yangu mambo ya harusi fulani, mama akaingia mbio akiuliza, "Mnagombania nini?" Hatukuwa tunagombana. Nilikuwa nimefika kwenye keki.

Jioni akaniita pembeni. Eti nimekuwa kama watu wa ziwani: napaza sauti, nikicheka napiga makofi, kwenye matatu naongea na watu nisiowajua. Kaka yangu naye akadakia kwamba hata pesa sasa nazitumia kama mtu wa ziwa. Mimi huyu ambaye majirani Migosi huniita "Baridi", kwa madai kwamba naongea kama mtu aliyefunikwa blanketi mdomoni!

Dai langu ni hili: ni joto. Molo iko kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Kisumu haifiki hata nusu ya hapo. Kule saa 12 jioni mlango umefungwa, mmelizunguka jiko, magoti yanagusana. Upaze sauti ya nini? Huku saa 3 usiku bado tuko nje tunapambana na mbu kwa sababu ndani ya nyumba ni tanuri. Anayeishi nje lazima aongee na wapita njia. Nipingeni.

#2 Omena_Kavu
Joto umelisingizia. Mimi ni wa Dunga, ufuoni hapa Kisumu. Jaribu kuongea na mwenzako aliye mbele ya boti, injini inanguruma nyuma, upepo wa mchana unavuma kutoka ziwani. Tena omena huvuliwa usiku usio na mwezi: taa zinaelea, wanaume 4 ndani ya boti moja, kila mtu ana upande wake wa kuvuta. Ukinong'ona, wavu umekwenda. Baba akirudi asubuhi aliagiza chai kwa sauti ileile aliyoagizia wavu. Sisi watoto tukajua hiyo ndiyo sauti ya binadamu.

#3 Fundi_Mabati
Omena, usiku sauti husafiri mbali sana juu ya maji. Hewa iliyogusa maji ikiwa baridi kuliko ile ya juu, sauti inapindwa kurudi chini badala ya kupotelea angani. Kwa hivyo mvuvi ndiye mtu wa mwisho kuhitaji kupiga kelele.

#4 Omena_Kavu
Fundi, hiyo sayansi yako umewahi kuisikia injini ikiwa imewashwa?

#5 Kijana_wa_Bondeni
Naona mnabishana hali ya hewa na hakuna aliyetaja nyumba. Mimi nimekulia Nakuru, Bondeni, zile nyumba za kaunsili za zamani. Bomba moja, choo cha pamoja, kamba za nguo zinapita mbele ya madirisha ya watu. Nilijua nani amelipa kodi na nani anamkwepa mwenye nyumba. Nilijua mama fulani akipika maharagwe, maana aliazima kitunguu kwetu. Kumsalimia kila mtu haikuwa hiari, kwa sababu usipomsalimia mtu asubuhi, jioni utakutana naye kwenye foleni ya choo ukiwa na haraka.

Halafu nikapata kazi, nikahamia ghorofa Section 58. Maji ndani, choo ndani, geti, mlinzi. Mwaka wa 3 huu. Jirani wa mkabala namjua kwa viatu tu, anaviacha mlangoni. Mji ni uleule, baridi ni ileile, mimi ni yuleyule. Watu wa Bondeni sasa wanasema nina maringo, watu wa ghorofani wanasema mimi ni mmbea kwa sababu niliwahi kubisha hodi kuuliza kama nao stima imepotea.

#6 Mlezi_wa_Kivumbini
Si mji, ni jiji. Tangu tarehe 1 Desemba 2021. Tulisubiri sana, tuheshimu.

#7 Kijana_wa_Bondeni
Jiji, basi. Maji bado yanakuja kwa zamu.

#8 Mtafiti_Uchwara
Kijana wa Bondeni amegusa kitu ambacho kilipimwa zamani. Festinger na wenzake walichapisha mwaka 1950 uchunguzi wa nyumba za wanafunzi waliooa katika chuo cha MIT, Marekani. Walitaka kujua nani huwa rafiki ya nani. Wanaopakana mlango kwa mlango walitajana kama marafiki mara 41 kati ya 100. Wale wa miisho miwili ya ukumbi uleule, mara 10 tu. Na hapo umbali ulikuwa wa hatua chache! Aliyeishi karibu na ngazi alijuana na watu wa orofa ya juu bila kutafuta, kwa sababu walimpitia kila siku. Hawakuchaguana kwa tabia, mchora ramani ndiye aliyewachagulia.

Sasa kuhusu kazi na tabia, huku kwetu utafiti upo. Mwaka 1961 na 1962 kundi lililoongozwa na Walter Goldschmidt lilikwenda kwa Wakamba, Wapokot, Wasebei wa upande wa Uganda wa Mlima Elgon, na Wahehe wa Tanzania. Ujanja wao ulikuwa huu: kila kabila walichukua wakulima na pia wafugaji. Robert Edgerton akaandika kwamba wafugaji walionyesha hisia waziwazi, mtu akikukasirikia unajua. Wakulima walizunguka, wakaficha chuki, wakasemana pembeni. Sababu waliyoitoa ni kwamba mfugaji akigombana anahama na ng'ombe wake, mkulima shamba halihami na jirani ni huyohuyo mpaka kufa.

Binti Molo, nyinyi si ni wa viazi na pareto? Ndiyo hiyo.

#9 Shemeji_wa_Lurambi
Mtafiti umesoma nusu, au umetuletea nusu. Edgerton huyohuyo alikuta kwamba mambo mengi yalifuata kabila zaidi ya kazi. Mkamba mfugaji alifanana na Mkamba mkulima kuliko alivyofanana na Mpokot mfugaji. Yaani mazingira yalisukuma kidogo, malezi yakashika usukani.

#10 Mtafiti_Uchwara
Kweli. Nilitaka kuona kama kuna mtu ameamka.

#11 Mama_Mbuta
Nimesoma hapo juu "pesa nazitumia kama mtu wa ziwa" nikacheka mpaka mteja akaondoka. Mimi nauza samaki mwaka wa 17, soko la Kibuye na siku nyingine Dunga. Ngoja niwaambie.

Samaki hangoji. Mahindi utayaweka ghalani miezi 6 ukisubiri bei. Mbuta bila barafu akipata jua la saa 7 mchana, jioni yeye si mali tena. Mvuvi analipwa leo kwa sababu lazima auze leo, na kesho ziwa lipo. Kwa nini afunge mkono? Halafu unafika mwezi wa 4, uvuvi wa omena unafungwa mpaka mwisho wa mwezi wa 7, anakuja kwangu kukopa unga. Hapo ndipo mnaposema watu wa ziwa hawajui akiba.

Lakini mimi naye tunakula ziwa lilelile. Mimi nina vyama 3 vya akiba, nina kitabu, shilingi inayopotea naitafuta usiku. Wanawake wote wa meza yetu wako hivyo. Mbona hakuna anayesema "watu wa ziwa ni wabahili"? Mnamwona anayeagiza raundi ya bia, hammwoni anayehesabu noti kwenye leso.

#12 Mkulima_Kitale
Mama Mbuta, mimi ni wa mahindi na nakuonea wivu. Napanda mwezi wa 3, navuna mwezi wa 10 au 11, halafu nasubiri malipo mpaka nasahau nilimuuzia nani. Sisi tunaitwa wagumu, "mtu wa Kitale hatoi chai". Chai nitoe wapi mwezi wa 7? Nikilipwa mwezi wa 1 nakuwa mkarimu wiki 2, halafu karo ya shule inanirudisha kwenye tabia yangu.

#13 Mwalimu_Mstaafu
Hamjambo wanangu. Hiyo hoja ya Mama Mbuta ina kaka yake. Sisi wa Vihiga na Kakamega tumetaniwa tangu enzi kwamba tumeumbwa kuwa wapishi na walinzi wa wengine. Hebu tuangalie ardhi. Sensa ya 2019 iliikuta Vihiga na watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Shamba la babu yangu lilimtosha, la baba lilimbana, langu mimi unaweza kurusha jiwe ukavunja dirisha la ndugu yangu. Mkoloni akaleta kodi ya nyumba, na kodi haikulipwa kwa ndizi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1903, kijana alipanda treni akaenda kwenye mashamba ya walowezi Nakuru, au Nairobi. Wa kwanza akapata kazi jikoni. Nafasi ikitokea, anamwita nani? Binamu. Baada ya miaka 50 watu wanaona jikoni zimejaa Waluhya, wanasema "wanapenda kupika". Hatukupenda. Tulitangulizana.

#14 Shemeji_wa_Lurambi
Mulembe mwalimu. Marekebisho madogo: reli ilifika 1901, na pale palikuwa panaitwa Port Florence. Na umewasahau Marafiki, wale wamisionari wa Quaker, waliofungua misheni Kaimosi 1902, wakifundisha kusoma pamoja na kazi za mikono. Kijana aliyetoka pale alikuwa na ujuzi tayari. Si udogo wa shamba peke yake.

#15 Mwalimu_Mstaafu
1901, nimekubali. Umri huu tarehe zinahama kama wafugaji wa Mtafiti.

#16 Nyuma_ya_Geti
Na ile ya kwamba Waluhya mnapenda kuku? Nayo ni ardhi?

#17 Mwalimu_Mstaafu
Ya kuku ni kweli tupu, haihitaji utafiti.

#18 Mgeni_Mau_Narok
Mimi ni kinyume cha Binti Molo. Nimetoka Nyalenda, Kisumu, kazi ikanipeleka kwenye baridi ya Mau Narok. Wiki ya kwanza niliamini watu hawanipendi. Napiga "habari" ya kikwetu, naitikiwa kwa kichwa. Saa 1 usiku kijiji kizima ni giza. Nikampigia mke wangu nikamwambia hawa watu wana roho mbaya.

Siku moja nikaugua kifua. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye katika miezi 3 alikuwa ameniambia labda maneno 20, alikuja na uji saa 11 alfajiri. Akauweka mezani, akaketi, akanitazama nikinywa, akachukua kikombe akaenda. Kesho yake vilevile. Siku 5. Hakuniuliza naumwa nini. Kule Nyalenda watu 30 wangekuja kunipa pole, na 29 wangeniomba nauli ya kurudi.

Nimejifunza kwamba upole wa huku hauna sauti. Lakini bado nikienda Nakuru mwisho wa mwezi natafuta hoteli yenye kelele nikae tu.

#19 Omena_Kavu
Nauli walikuomba kwa sababu walitembea kuja. 😂

#20 Msikilizaji
Binti Molo, nimesita kuandika hili. Umesema Molo watu huongea chini kwa sababu ya baridi. Mimi pia ni wa huko. Mwaka 1992 nyumba zilichomwa Molo katika mapigano ya kikabila. Mwisho wa 2007 kuingia 2008, baada ya uchaguzi, zikachomwa tena. Sisi tulilelewa kuzima taa mapema na kuweka redio chini. Mbwa akibweka, baba alinyoosha kiganja na chumba kizima kiliacha kupumua. Kunyamaza ilikuwa kazi ya nyumbani kama kuteka maji. Na mgeni akija, unamuuliza jina la pili kwa njia ya kuzunguka, na unajibu la kwako kwa njia ya kuzunguka. Leo mtu akituona anasema "watu wa baridi, wakimya, hawaaminiki". Hiyo si hali ya hewa.

#21 Binti_Molo
Mimi 2008 nilikuwa darasa la 3. Nakumbuka mama akituambia tule bila kugonga sahani. Sijawahi kuviweka pamoja hivi viwili mpaka leo. Asante, Msikilizaji.

#22 Nyuma_ya_Geti
Pole nyote. Ila sidhani inaeleza yote. Kisumu nayo ilichomeka 2008. Kondele tumeonja moshi wa vitoa machozi zaidi ya mara moja, hata 2017. Sisi hatukunyamaza, tulizidisha. Mtu akiona gari la askari anapiga mayowe, mtaa wa pili unapokea, wa tatu unapokea, mpaka watoto wameingizwa ndani. Kelele ndiyo iliyotuokoa.

#23 Msikilizaji
Labda kwa sababu nyumba zenu zimebanana. Shambani ukipiga mayowe, anayekusikia kwanza huenda ni yule unayemkimbia.

#24 Fundi_Mabati
Hapo #23 nimekaa chini. Hizo ni nyumba, ni hofu, na ni umbali, vyote kwa pamoja.

#25 Kijana_wa_Bondeni
Ongezeni na hili: Nakuru tumechanganyika tangu enzi za reli na mashamba ya walowezi, ndiyo maana Kiswahili chetu kiko mbele. Mtoto wa Bondeni ukimuuliza lugha ya mama anakuuliza mama yupi. Wanaotoka nje wanatuona wajanja, watu wasio na kwao. Mimi naona tulijifunza kuongea na kila mtu bila kumgusa pabaya. Nyumbani kwetu mada ya siasa ilikuwa mwiko kwa sababu ya wapangaji, si kwa sababu ya adabu.

#26 Dada_wa_Oyugis
Nimechelewa. Kuna utafiti wa Carol Ember uliochapishwa 1973, alioufanya kwetu, miongoni mwa Waluo wa Oyugis. Kulikuwa na nyumba ambazo hazikuwa na binti wa umri wa kusaidia, kwa hivyo wavulana walipewa kazi za wasichana. Wavulana hao walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao, hasa wale waliofanya kazi za ndani ya nyumba. Kabila moja, ziwa moja, joto moja. Kilichotofautiana ni nani amezaliwa kabla ya nani.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wa wavulana wa aina hiyo, miaka mingi baadaye. Mpaka leo ndiye anayepika mikutano ya familia ikifanyika, na ndiye anayeongea polepole kuliko wote. Na ni mtu wa ziwa, tafadhali.

#27 Shemeji_wa_Lurambi
Au alipewa kazi za jikoni kwa sababu tayari alikuwa mpole na mama aliona hatavunja vyungu?

#28 Dada_wa_Oyugis
Alivunja viwili.

#29 Mtafiti_Uchwara
Narudi kwa Binti. Kuna jambo hatujaligusa. Kisumu unaitwa "Baridi", Molo unaitwa mtu wa ziwa. Sauti ni moja, masikio ni mawili. Pengine hukubadilika sana, ila mama alikuwa anakusikiliza akitafuta Kisumu ndani yako. Angemsikia dada yako akipaza sauti vilevile angesema amechoka.

#30 Binti_Molo
Mtafiti, dada yangu alirekodi. Nimejisikia. Nilikuwa napiga kelele.

#31 Kuku_Kienyeji
Samahani kuingilia. Mama Mbuta, gorogoro ya omena Kibuye siku hizi ni pesa ngapi? Huku Kakamega wanatuuzia mchanga.

#32 Mama_Mbuta
Bei inabadilika na mwezi ulio angani, mwanangu. Njoo giza likiwa nene, utapata afueni. Na mchanga unatokana na kuanika chini, uliza walioanikwa juu ya wavu.

#33 Binti_Molo
Wakuu, nimempigia mama jioni hii nikamsomea uzi wote. Dakika 40. Alisikiliza, akacheka nilipofika kwa yule wa nauli. Nikamuuliza: mama, kwa nini kwetu tunanong'ona? Ni baridi, ni majirani, au ni ile miaka?

Akasema, "Baba yako alikuwa mlinzi wa usiku kwenye shamba la pareto. Alilala mchana. Mlikuwa 5 ndani ya vyumba 2. Ningefanyaje?"

Nikamuuliza, na ile ya kutogonga sahani? Akanyamaza kidogo. Akasema hayo si mambo ya simu, nikija Pasaka tutaongea. Halafu akaniambia nipunguze sauti, sikio linamuuma.

#34 Fundi_Mabati
Yaani posti 33, Marekani, Pokot, Port Florence, kumbe mzee alikuwa amelala?

#35 Nyuma_ya_Geti
Baba yangu pia alikuwa mlinzi wa usiku, Manyatta, alilala mchana miaka 11. Tulikuwa 6. Tulipiga kelele mpaka akaomba zamu ya mchana.